Tumbaku Iliyoachwa Ichanue

Kwetu Urambo tumbaku haikuachwa ichanue. Ua likianza tu kuchomoza, baba alitutuma shambani tukavunje vilele, ili nguvu ya mche irudi kwenye majani. Majani ndiyo yaliyopimwa na kupewa gredi sokoni. Basi nilikua nikiijua harufu moja tu ya tumbaku, ile ya bani la kukaushia: moshi wa kuni za miombo na majani yanayogeuka manjano kwa moto wa usiku kucha. Ua lake sikuwahi kulinusa.

Nilikuja kulinusa Marekani. Nilikuwa mwanafunzi Utah, na Mei moja mwenzangu aliyesomea mimea alinichukua hadi pembe ya kusini-magharibi ya jimbo hilo, ng'ambo ya St. George, jangwa la Mojave linapoanzia. Moto ulikuwa umepita huko mwaka uliotangulia. Penye majivu palijaa mimea ya kimo cha magoti, na nilipoigusa vidole vikanata. Hapo sikuhitaji kuambiwa kitu. Utomvu ule ndio uliotuacha na mikono myeusi kila msimu, sabuni isiiweze.

Ilikuwa tumbaku ya porini, Nicotiana attenuata, ambayo wenyeji Wapaiute waliivuta tangu kale. Mbegu zake hulala udongoni miaka na miaka mpaka moshi wa moto wa nyika uziamshe.

Jua lilipozama, maua membamba meupe yakafunguka, na harufu tamu, kama ya asumini, ikatanda bonde zima. Nondo wakubwa wakaja, wakaelea hewani mbele ya maua na kunyonya kwa mirija yao mirefu. Mwenzangu akacheka: hao wageni, alisema, ndio wanaotaga mayai kwenye majani, na viwavi wao huutafuna mche uliowakaribisha.

Mche nao una jibu. Danny Kessler, Ian Baldwin na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Jena, Ujerumani, walifanya utafiti katika jangwa hilohilo, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Viwavi wakizidi, baada ya siku chache mche huanza kutoa maua yanayofunguka alfajiri, yasiyo na harufu ile ya kuita nondo. Kazi ya uchavushaji hupewa ndege wadogo wavumaji, wanaonyonya maua kama chozi wetu, nao hawaachi viwavi. Sisi Urambo kiwavi tulimpulizia dawa, kitambaa mdomoni.

Nilimpigia baba simu, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Sasa mwanangu, kilo wanauza bei gani?”

Haiuzwi. Majani yake ni madogo, na hakuna chama cha ushirika ambacho kingeyapokea kwenye mzani. Lakini katika tumbaku zote nilizowahi kushika, hiyo ndiyo ninayoipa gredi ya kwanza.