Teyvat, Majaaliwa na Zawadi ya Idi: Tulivyoicheza Genshin Impact



Safari hii hatuzungumzii singo wala hina. Tunazungumzia gemu. Msicheke. Meseji zinazotufikia kuhusu waume wanaokesha na simu zimekuwa nyingi kuliko za mapambo ya ukumbi, na jina linalorudi kila mara ni hilo moja, Genshin Impact. Na si waume tu. Wapo wari wanaoicheza, wapo walioolewa, na hapa kwetu tunaoandika, watatu, mmoja alikuwa akiicheza muda mrefu kabla wenziwe hawajajua. Basi tukaona tuicheze sote kwanza, ndipo tuseme.

Gemu hii imetengenezwa na kampuni ya miHoYo ya Shanghai, China, ikatoka tarehe 28 Septemba 2020. Kuipakua ni bure, na inachezwa kwenye simu, ndiyo maana imefika mpaka kwetu. Hadithi yake ni ya mapacha, kaka na dada, wasafiri wa dunia nyingi. Wanazuiwa na mungu asiyejulikana, wanatenganishwa, na wewe unayebaki unaamka peke yako katika dunia iitwayo Teyvat. Kazi yako ni kumtafuta ndugu yako. Unafuatana na kitoto kinachoelea hewani, jina lake Paimon, kinachopenda kula na kisichonyamaza hata kidogo. Kila ukoo una mtu kama huyo.

Uzuri wake, wallahi, ni kutembea. Hakuna njia moja unayolazimishwa. Ukiona mlima unaupanda, nguvu zikiisha unaanguka. Ukifika juu unafungua mabawa unashuka pole pole, na chini yako kuna mito, magofu, mashamba na vijiji. Zipo nchi saba. Mondstadt ni nchi ya upepo, ina sura ya Ujerumani ya kale. Inazuma ni visiwa vya radi, mfano wa Japani. Sisi lakini tuliganda Liyue, nchi iliyojengwa kwa sura ya China, kwa sababu ya bandari yake. Jahazi zimefunga gati, wafanyabiashara wanapiga kelele za bei, na kila kitu pale kinaendeshwa kwa mkataba. Mtu akivunja mkataba Liyue amejivunjia heshima yake yote. Sisi tunaoambiwa tangu udogoni kwamba ndoa ni mkataba wenye masharti, tuliwaelewa watu wa Liyue upesi.

Tena huko yupo bwana mmoja, Zhongli. Anajua ubora wa hariri, wa chai, wa mawe ya thamani, anazungumza taratibu kwa adabu, lakini wakati wa kulipa pesa hana, na siku zote hulipa mwengine. Tulicheka mpaka machozi. Kila bibi harusi aliyekwenda dukani na mchumba wa aina hiyo atamtambua.

Yapo mengine ya kupendeza. Unapika, na viungo unavichuma mwenyewe porini. Tangu 2021 unapewa na nyumba ndani ya birika la chai, unaipanga utakavyo, ila samani unazitengeneza kwa miti uliyoikata mwenyewe na kisha unangoja masaa zikamilike. Mwenzetu mmoja alishughulika na mazulia ya nyumba ile kuliko ya kwake. Na mnaweza kuingia watu wanne kwa pamoja katika dunia moja, jambo tutakalolirudia.

Mwaka 2022 waliongeza nchi ya Sumeru, ambayo wameichota kutoka Mashariki ya Kati, Afrika Kaskazini na Bara Hindi. Kuna jangwa, kuna soko kubwa, kuna chuo cha wanazuoni, kuna biriani na baklava. Tulifurahi kuona vitu vya karibu na sisi. Lakini wahusika wakuu wa huko karibu wote ni weupe, na malalamiko yalikuwa mengi ulimwenguni wakati ule. Yakaja tena 2024 ilipotoka Natlan, iliyoazima kutoka Afrika na Amerika ya Kusini. Biriani yetu wameiona, rangi zetu hawakuziona.

Sasa tuje kwenye dini, maana ndilo mnalotuuliza khasa.

Kila nchi ya Teyvat ina mungu wake, na zipo sanamu za hao saba. Ramani inafunguka kwa kuzigusa, na ukiziletea vijiwe fulani nguvu zako za kupanda milima zinaongezeka. Hapa watatu hatukukubaliana. Mmoja anasema ni ngano tu, kama zile za masultani na majini tulizohadithiwa na bibi zetu na hakuna aliyetoka pale akaabudu jini. Mwengine hataki hata kidole chake kizoee kupeleka kitu mbele ya sanamu. Hatuna elimu ya kuhukumu baina yao. Muulize unayemwamini kwa ilimu. Na nguo za baadhi ya wahusika wa kike hazina sitara, hilo halina ubishi, kwa hivyo ukicheza na wadogo sebuleni ujue.

Lililotushughulisha zaidi ni jengine, ambalo wengi hawalioni kwa sababu limepambwa.

Wahusika wazuri wa gemu hii hawauzwi. Unawaomba. Kitendo chenyewe wamekiita Ombi, na tiketi zake wameziita Majaaliwa. Ombi moja lina thamani ya vito 160 viitwavyo Primogem. Unabonyeza, nyota inaanguka kutoka mbinguni, na unapata chochote kilichotoka. Nafasi ya kupata mhusika wa nyota tano katika ombi moja ni asilimia 0.6. Ukikosa mfululizo, kwenye ombi la 90 lazima atoke mmoja, lakini si lazima awe yule unayemtaka. Hapo ni karibu nusu kwa nusu. Ukimkosa, anayefuata wa nyota tano ndiye wako kwa hakika. Maana yake unaweza kufika maombi 180, sawa na Primogem 28,800, kwa mtu mmoja wa kwenye kioo.

Primogem unazikusanya bure ukicheza, taratibu sana. Au unanunua. Kwa bei ya Marekani kifurushi kikubwa ni dola 99.99, zaidi ya shilingi laki mbili zetu, na ukishakinunua mara ya kwanza, baada ya hapo kinakupa vito 8,080, ambavyo ni maombi 50. Hesabu wenyewe ukiwa na bahati mbaya. Na yule mhusika hukaa kama wiki tatu tu, kisha anaondolewa, na haijulikani atarudi lini. Haraka hiyo imepangwa.

Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni inayoiendesha gemu hii kwamba iliwapotosha watoto na wachezaji wengine kuhusu nafasi na gharama halisi za maombi hayo. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 20, na isiwauzie walio chini ya miaka 16 bila ya idhini ya wazazi. Hao ni watu wasiosoma Suratul Maidah, aya ya 90, inayotaja kamari pamoja na ulevi. Wameangalia hesabu tu, wakaona pana tatizo.

Mwenzetu aliyeolewa, mumewe yuko Maskati kikazi. Walianza kucheza pamoja miezi ya mwanzo ya ndoa, usiku wa Ijumaa baada ya Isha, kwa sababu kuzungumza kwa simu kila siku maneno yalikuwa yakiwaishia: umekula, nimekula, mama hajambo. Ndani ya gemu walikuwa wana cha kufanya. Wanapanda mlima, anamngoja, wanapotea, wanagombana nani aliyeamsha dubwana. Anasema alimjua mumewe pale. Alijua kuwa ana subira, na kwamba akishindwa hunyamaza, hasemi.

Idi ilipokaribia, mume akamwambia anataka kumnunulia kifurushi kikubwa, apate yule mhusika aliyekuwa akimsifia. Zawadi. Naye yuko mbali, duka la dhahabu la hapa hawezi kuingia.

Akatuuliza sisi. Tulikaa usiku mzima juu ya jambo hilo, na hatukulichukulia wepesi, maana bibi harusi mpya kumrudishia mume zawadi si jambo dogo. Mwisho akamwuliza mumewe suali moja: utakapolipa, utakuwa umeninunulia nini? Akajibu, huyo mhusika. Akamwambia, hapana, huyo huenda asitoke. Sasa umenunua nini? Upande wa pili kimya, kile kimya anachokijua. Halafu akasema, bahati.

Pesa ile ikaingia kwenye akiba ya tiketi ya ndege.

Sisi msimamo wetu ni huo: kucheza, ndiyo, kwa mipaka, kutia pesa kwenye maombi, hapana, hata shilingi. Ipo na huduma ya mwezi ya dola 4.99, ambayo unajua hasa utapewa vito vingapi kila siku kwa siku 30. Ile angalau unajua unachonunua, lakini vito vyenyewe vinakwenda kwenye shimo lile lile, kwa hivyo hatukuichukua. Vya kuokota bure tumevitumia, na hata hapo mmoja wetu hakuridhika nafsini mwake, akaacha.

Na kwa dada aliyetuandikia kuwa mumewe wa miezi minne ametumia humo pesa za kodi ya nyumba: una haki ya kuuliza, na haki yako ya matumizi haingoji nyota ianguke. Usianze na simu, usiifiche wala usiivunje. Anza na hesabu ile ya maombi 180, muiandike pamoja kwenye karatasi. Wanaume wengi hawajawahi kuijumlisha. Ikishindikana, wapo wazee.

Kwa wanaotaka kuijaribu na mume aliye safarini: mwanzoni utaulizwa uchague seva. Wote wawili chagueni moja, maana walio kwenye seva tofauti hawawezi kuingia dunia moja, na huwezi kuhama na ulichokusanya. Ipakueni kwa waifai, kwenye bando itakuleni. Na kumbukeni Maskati wako mbele saa moja. Ikiwa kwetu saa tatu usiku, yeye ni saa nne na kesho ana kazi.