Mji Ndani ya Tone

Kazi ya gazeti imenizoeza kupiga picha za watu walio jukwaani. Picha ninayoisimulia leo haikuwa na kiongozi wala mkutano, wala sikutumwa na mhariri.

Usiku wa kuamkia Jumapili moja ya masika, mvua kubwa ilituamsha. Twaishi kilimani hapa Mwanza, katika nyumba zilizobanana na majabali, na watu wa huku hawalali mvua inyeshapo. Msimu uliotangulia maji yalikuwa yamelibomoa jiko la jirani, binti yetu wa miaka 7 akitazama. Tangu siku hiyo, wingu likitanda tu, yeye hukimbilia uvunguni.

Kulipopambazuka nilitwaa kamera, nikaichomoa lenzi yake ya milimita 50 na kuishikilia kwa mkono, mbele ikawa nyuma. Huo ni ujanja wa wapiga picha wasio na fedha za lenzi maalumu: lenzi iliyogeuzwa hukikuza kitu kidogo, ila sehemu inayoonekana sawasawa ni nyembamba mno, hata pumzi yako mwenyewe huiharibu picha. Nikamwomba binti anishikie mwavuli wa kukinga upepo. Alikuja shingo upande.

Juu kidogo ya nyumba, penye maji yaliyotuama kati ya mawe, yameota magimbi. Jani la gimbi halilowi. Nta yake huyafanya maji yajikusanye kama shanga na kuteleza hadi nchani. Nilipiga picha 19, zote upepo wa ziwani ukazivuruga. Wageni hulipiga picha Jiwe la Bismarck kwa mbali, wakaenda zao. Majabali yetu haya yadai magoti. Mjusi dume, kichwa na mabega ya rangi nyekundu, mwili wa buluu, alitoka kuota jua, akatikisa kichwa kama mzee aliyekwisha kutuchoka.

"Baba, mbona nyumba yetu imepinduka?"

Alikuwa ameinama karibu kuliko mimi. Kumbe tone nalo ni lenzi! Ndani yake paa letu la mabati, majabali na ukanda wa ziwa vilining'inia kichwa chini. Nikampa kamera. Akabana pumzi, akabonyeza mara moja, nami sikuthubutu kumsahihisha.

Picha yake ina ukungu pembeni. Tumeibandika ukutani, juu ya kitanda chake. Juzi radi ilipopiga alikimbilia uvunguni kama kawaida. Lakini mvua ilipokatika, yeye ndiye aliyeniamsha, mwavuli mkononi.