Mashua ya Lamu au yoti ya faiba? Hesabu za mtu wa milimani

Leo tunaweka programu pembeni kidogo, tuzungumzie vyombo vya baharini. Najua mtauliza: mtu wa Mbooni na bahari, wapi na wapi? Kwetu ni milimani, nchi ya matuta na mabwawa ya mchanga. Lakini hebu chukua ramani. Maji ya vilima vya Mbooni huteremka hadi mto Thwake, Thwake huingia Athi, Athi huitwa Galana mbele ya safari, kisha Sabaki, na mwisho humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Udongo wetu ulifika pwani zamani. Mimi ndiye niliyechelewa.

Kazi yangu hufanyika popote penye umeme na intaneti. Nilikuwa na akiba ya miaka minne, ya kununulia kiwanja. Kisha nikaanza kuwaza: kwa nini nisinunue chombo kilichotumika, nikaishi humo, nikasafiri nacho, na siku ya mashindano nikashindana? Nilipompigia mama simu alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, kiwanja hakizami." Basi ikabidi nikae chini na karatasi.

Vyombo vyenyewe ni hivi.

Cha kwanza ni mashua ya mbao ya Lamu, mita 8 hivi, tanga moja la pembetatu, haina chumba. Cha pili ni yoti ya faiba, Westerly Centaur, iliyokuwa imefungwa katika hori ya Kilifi. Aina hii ilichorwa na kampuni ya Laurent Giles ya Uingereza, ikaundwa kuanzia 1969 hadi 1980, zaidi ya 2,000 kwa jumla. Urefu wake ni mita 7.9, na ina mikuku miwili chini. Maji yakipwa, husimama wima juu ya mchanga kama ng'ombe. Mashua ikipwelewa hulala ubavu.

1. Kuishi ndani

Hapa hakuna ubishi. Yoti ina vitanda, jiko na mlango wa kufunga. Nikapiga hesabu ya umeme: kompyuta ya wati 50 kwa saa 8 ni wati-saa 400, ongeza simu, taa na modemu, sema 500. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Paneli ya wati 200 ikipata jua zuri saa 5 hutoa 1,000. Ondoa theluthi kwa kivuli, joto na nyaya, bado inatosha. Kwenye mashua hesabu ni hiyo hiyo, ila kompyuta italowa kabla ya chakula cha mchana.

2. Kusafiri

Kilifi hadi Lamu ni kama kilomita 190. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 26, maana yake utalala baharini. Upepo ndio mwenye ratiba: kusi hukusukuma kwenda kaskazini, kaskazi hukurudisha. Yoti mtu mmoja anaiweza, na ina injini ya dizeli upepo ukifa. Mashua inataka watu. Kugeuza tanga lake si kuvuta kamba moja. Foromali lazima ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, na mtu wa kuchota maji ya ngama asisinzie.

3. Kushindana

Centaur ni nzito, na kwenda joshi ni mvivu. Iliundwa kwa ajili ya familia. Mashua nayo ndiyo mashindano yenyewe. Ukiwahi kuona mashindano ya Lamu utaelewa: vijana wanakalia ubao uliotokezwa nje ya ubavu ili chombo kisipinduke, wengine wanahamisha magunia ya mchanga ya farumi kila tanga linapogeuzwa.

Mpaka hapa ni sare, moja kwa moja, na safari inategemea una watu au huna. Swali lililobaki ni la nne, na sisi waandishi wa programu tulipaswa kulijua kuliko wengine: kikiharibika, nani atakitengeneza?

Nilimpeleka fundi mmoja mzee wa Matondoni aikague mashua. Alipita akiigonga mbao moja moja, kama mtu anayechagua tikiti maji. Akanionyesha mbao tatu za kubadilisha na taruma moja iliyooza. "Kalafati mpya, sifa juu, shahamu na chokaa chini. Wiki mbili, mwanangu." Vifaa vyote vilikuwa ndani ya kisiwa, na ujuzi wote kichwani mwake na kwa wanawe.

Kwenye Centaur, mahali pa kutazama ni pale mikuku inaposhikana na tumbo la yoti. Ni udhaifu unaojulikana wa aina hiyo. Hii ilikuwa na nyufa. Faiba tunaweza kuziba hapa, lakini vipuri vya injini ya zamani ni vya kuagiza ng'ambo, na karatasi za ushuru hazikuwa kamili. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mashua. Programu nzuri ambayo aliyeiandika hapatikani, wengi wetu tumeshairithi. Tunajua inavyoisha.

Nimechukua mashua, kwa ubia na nahodha mmoja wa Lamu. Siku za kazi inabeba mizigo na kuwalisha watu. Siku za mashindano nakaa juu ya ubao, nikiwa nimevaa jaketi la kuelea, na wenzangu wananicheka. Kuishi baharini nimekuacha, na hilo linaniuma bado. Ile yoti niliitaka kweli.

Pesa zilizobaki zimelipa malipo ya kwanza ya kiwanja Mbooni. Mama ameshapanda miembe miwili, na ameuliza kama mashua inaweza kukatiwa bima.

Makala ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.