Mashua Ndogo ni Shule ya Maji

Mzaliwa wa Mbale huyajua maji kwa sauti yake. Kwake maji ni kitu kishukacho kutoka mlimani: mvua hunyesha juu ya Wanale na miteremko ya Elgon, na muda si mrefu mito ya Nabuyonga na Namatala hufura, hunguruma na kuvamia mji. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 20. Kwa sababu hiyo mtoto wa Mbale hufundishwa mapema kwamba akisikia maji yanakuja, akimbilie penye mwinuko.

Askari wa Mbale akihamishiwa Jinja pamoja na jamaa yake, hukuta maji yenye tabia nyingine. Maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa yakionyesha mahali Ziwa Victoria linapogeuka kuwa Mto Nili, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Tangu hapo mkondo huanza kimya. Mtu huyatazama maji yaliyotulia, akadhani yamelala.

Katika nyumba moja ya kambini Jinja jambo hilo lilizua mabishano makubwa. Baba wa nyumba ni koplo, mama ni binti wa Mbale, na kijana wao ana miaka 12. Jioni ya Novemba 24, 2018 mashua ya starehe iitwayo MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Miezi miwili kabla ya hapo, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania, kikaua watu zaidi ya 220. Koplo huyo alikuwa miongoni mwa askari waliopokea maiti za Mutima. Aliporudi nyumbani hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba wengi wa marehemu hawakuvaa majaketi ya kuokolea maisha, na kwamba nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho.

Siku ile mama aliweka amri: hakuna mtoto wa nyumba hiyo atakayetia mguu ziwani. Amri hiyo ilitiiwa miaka kadhaa. Kisha jirani akaleta habari kwamba kijana ameonekana Masese, ndani ya mtumbwi wa wavuvi pamoja na wenzake, bila jaketi. Marufuku ilimzuia kujifunza, lakini haikumzuia kwenda.

Mama alimwita baba yake mzazi, mzee anayeishi Namakwekwe, Mbale, askari polisi mstaafu. Mzee alifika kwa taksi ya barabara ya Tirinyi wakati wa sikukuu ya Uhuru, Oktoba 9. Binti yake alitegemea kwamba atamkaripia mjukuu. Mzee akasema, “Mwanangu, umemkataza mtoto ziwa, lakini hukuweza kulikataza ziwa kumwita.”

Mzee huyo alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika miaka ya 1960, kabla ya kuingia polisi, alikuwa mtunza mashua katika klabu ya matanga ya Jinja, mahali ambapo leo watu hupajua zaidi kwa chakula na sherehe. Kazi yake ilikuwa kutweka na kukunja matanga ya wengine. Yeye alipanda chomboni pale tu mwenye mashua alipokosa mwenzake wa pili. Lakini kwa siku hizo chache alijifunza mambo ambayo hakuyasahau.

Asubuhi ya pili alimchukua mjukuu hadi ufukoni, akachora mchangani kwa kijiti. Huko Uingereza, alieleza, mwezi wa Oktoba majani hupukutika na klabu za mitoni hukimbilia mashindano kabla ya baridi kali. Hapa Jinja ni majira ya mvua za vuli, na baharia hutazama mbingu kwanza. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo hutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka. Radi nyingi za ziwa hili huzaliwa usiku na alfajiri, saa ambazo mashua ndogo haina kazi majini.

Kisha akachora njia ya mashindano. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso. Hapana budi kubisha, yaani kwenda upande mmoja kisha upande wa pili, na kupanda hatua kwa hatua. Mashindano aghalabu huanza kwa safari hiyo ngumu ya kupanda, na kurudi huwa kwa msaada wa upepo. Mzee akaongeza neno la Jinja: karibu na mlango wa mto, upepo wa mchana na mkondo vyaweza kukusukuma pamoja kuelekea bwawani. Asiyejua kubisha hana njia ya kurudi.

Kijana aliuliza mwamuzi hukaa wapi. Mzee alicheka. Mashua inayopokea upepo kwa upande wake wa kushoto huipisha ile inayoupokea kwa upande wa kulia. Zama zake, aliyevunja kanuni hiyo alitakiwa kujitoa mwenyewe mashindanoni. Siku hizi kwa kawaida hujiadhibu kwa kuzungusha mashua yake mizunguko miwili, huku wenzake wakimpita. Hapana filimbi, mtu hujihukumu mwenyewe.

Na mashua ikipinduka? Hilo ndilo swali ambalo mama, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikuwa akilingoja. Mzee alijibu kwamba mashua ndogo ya mashindano hupinduka mara kwa mara, na mwanafunzi hupinduliwa makusudi katika maji salama, akiwa amevaa jaketi, huku chombo cha waokozi kikiwa karibu. Kanuni ya kwanza ni kutoiacha mashua, kwa sababu huelea na huonekana kuliko kichwa cha mtu. Kisha huukanyaga ule ubao wa katikati unaochomoza chini, akavuta ukingo kwa uzito wake, mpaka mlingoti uinuke tena. Aliyefanya hivyo mara kumi hashikwi na fadhaa mara ya kumi na moja. Waliozama Mutima, alisema mzee kwa sauti ya chini, wengi wao walipinduka kwa mara ya kwanza.

Ipo kanuni nyingine iliyo juu ya ushindi: kila baharia lazima amsaidie aliye hatarini. Mnamo Septemba 24, 1988, katika Michezo ya Olimpiki, huko Pusan, Korea Kusini, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili katika mbio zake. Akaona mabaharia wa Singapore wametupwa majini na upepo mkali. Aliiacha njia yake akawaokoa. Waamuzi walimrudishia nafasi ya pili katika mbio hizo, na akatunukiwa nishani ya Pierre de Coubertin. Kwa askari na polisi, kanuni hiyo haihitaji maelezo.

Mama hakushindwa kwa siku moja. Alitaja kichocho, na hofu hiyo si ya upuuzi, kwani ugonjwa huo umo katika maji ya ufukoni mwa ziwa hili. Alitaja gharama. Mwishowe aliifuta amri yake ya zamani akaweka masharti mapya: kwanza kijana ajifunze kuogelea katika bwawa la kuogelea; hatapanda chombo chochote bila jaketi lililofungwa barabara; hatapanda kilichojaa, hata kama rafiki zake wote wamo; na hatakwenda bila mtu mzima kujua. Mzee alikubali kila sharti, akasema hata klabu yake ya zamani haikuwa na kanuni bora kuliko hizo.

Yampasa kila mzazi aliyehamia kando ya ziwa ayafikirie masharti hayo. Mtoto anayekaa karibu na maji atayaingia siku moja, kwa ruhusa au kwa kificho. Mzazi hawezi kuichagua siku hiyo, lakini anaweza kuchagua kama mtoto atakuwa amefundishwa.

Jumamosi iliyofuata kijana alipelekwa bwawani. Koplo alifuatana naye, akakaa kando kwa muda mrefu, viatu vikiwa bado miguuni. Mwalimu alipouliza ni wanafunzi wangapi aandike, koplo alifungua kamba za viatu akasema wawili.