Sauti ya Desemba

Ukiishi Uganda huhitaji kalenda ili kujua kwamba Desemba imeingia. Redio itakuambia, teksi itakuambia, na duka la jirani litakuambia kwa sauti ya mtu mmoja, Philly Bongoley Lutaaya. Albamu yake ya Krismasi aliirekodi Sweden, alikokuwa akiishi miaka ya 1980, na mimi husikia ndani yake hamu ya mtu aliye mbali na kwao.

Desemba iliyopita bendi moja ya vijana ilitangaza kwamba ingeipiga albamu hiyo nzima, wimbo kwa wimbo, katika ukumbi mmoja mjini Mbale. Nilitoka Malukhu kwa miguu pamoja na jirani yangu, mama wa makamo ambaye vijana wa mtaa humheshimu na kumwogopa kwa kiasi sawa. Nilikwenda nikiwa na shaka. Ukiiga albamu inayopendwa sauti kwa sauti, watu huuliza kwa nini hawakubaki nyumbani na redio. Ukiigeuza mno, hulalamika kwamba umewaharibia utoto wao. Vijana wale walikuwa na busara. Mlio wa kinanda cha zamani waliuhifadhi, lakini ngoma waliziachia zipumue. Ulipofika wimbo wa "Zuukuka", hakuna aliyebaki kitini. Wagisu, Wateso na Wagwere waliimba Kiganda, pamoja na wale wasiojua hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Na wewe unayejifunza Kiswahili, litege sikio neno "Ssekukkulu" katika nyimbo hizo: ni "sikukuu" yetu, imevaa kanzu ya Kiganda.

Kati ya nyimbo, kiongozi wa bendi alitusimulia maisha ya Lutaaya. Alipofika mwisho alisema tu kwamba mwanamuziki huyo alifariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Jirani yangu aliniinamia.

"Mwalimu, mbona halitaji? Mwenyewe alilitaja."

Alilitaja, naam. Mwaka 1989 Lutaaya alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo. Wengi hawakumwamini, walidhani anatafuta kuuza kanda. Hata hivyo alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana, huku mwili ukidhoofika mbele ya macho yao. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, siku 10 kabla ya Krismasi.

Zingatia maneno, msomaji, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. UKIMWI ni ufupisho wa "upungufu wa kinga mwilini". VVU ni virusi vinavyouleta. Mtu anaweza kuwa na VVU maisha yake yote asifikie UKIMWI, mradi apate dawa na azitumie ipasavyo. Magazeti yetu yalizoea kuandika "mwathirika". Mimi silipendi neno hilo, maana humfanya mtu kuwa ajali iliyokwisha kutokea. Darasani tunasema "anayeishi na VVU", na kitenzi chenyewe, kuishi, hufanya kazi yake. Ama ile "kuugua kwa muda mrefu", hiyo ni tafsida, pambo la lugha lenye adabu nyingi, ambalo safari hii lilificha jambo lilelile ambalo marehemu alitumia nguvu zake za mwisho kulifichua.

Wakati wa mapumziko jirani yangu alimwendea kiongozi wa bendi. Nilimfuata, nikihofia ugomvi. Kijana alimsikiliza kwa heshima, akajibu kwamba aliogopa kuwaharibia watu furaha ya sikukuu, tena ukumbini mlikuwa na watoto.

"Mwanangu," mama akamwambia, bila kupunguza sauti, "mimi nameza dawa hizo kila usiku tangu mwaka 2006, na leo nimecheza kukushinda wewe."

Ameniruhusu niyaandike haya, ila jina lake nisilitaje. Watu waliokuwa karibu walinyamaza. Mmoja alijishughulisha ghafla na simu yake. Kijana aliinamisha kichwa kidogo, kisha akamwomba radhi, akamwuliza kama angekubali kupanda jukwaani acheze nao wimbo wa mwisho.

Alinipa mkoba wake niushike, akavua viatu, akapanda.