Vumbi la Dirisha la Mama

Likizo ya Agosti tulikwenda Garsen kumwona mama. Siku ya pili nikashika msasa nikwangue rangi kuukuu ya dirisha lake. Kugeuka, namwona mwanangu wa miaka miwili akilamba vidole vilivyojaa vumbi!

Nilikumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa mwaka wa 2014, iliwadhuru watoto. Rangi za zamani pia huweza kuwa na risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, maji ya Tana yakipanda tunayaona. Hilo vumbi utalijuaje?"

Sikuwa na jibu. Uholanzi, wataalamu wamevumbua dawa ya kunyunyizia: penye risasi hung'aa kijani ukimulika kwa taa maalumu. Lakini Garsen nilizunguka maduka yote, nikatoka mikono mitupu.

Niliweka msasa chini, nikapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, nikamnawisha mtoto. Tukirudi mjini atapimwa damu.

Wazazi wenzangu, kipimo kama hicho kingeuzwa dukani kwa bei ya mkate, nani asingenunua? Hadi siku hiyo, msikwangue rangi kavu watoto wakiwa karibu.