KABLA YA TAA, TAFUTA NGAZI!

Leo sikupeleki ufukweni wala muziki. Leo nakupeleka kanisani, tena tukifika usihangaike kuangalia nani kavaa nini. Inua shingo, angalia juu kwenye taa.

Najua unacheka. Unasema huyu jamaa kaishiwa. Subiri kwanza nikupe kisa, halafu tusafiri.

Usharika wetu uko huku pembezoni mwa Dar es Salaam. Jina nalihifadhi, maana bado nategemea kufunga ndoa pale pale. Mwaka 2014 tulichangishana mpaka akina mama wakauza maandazi, tukapata fedha za taa. Wajanja wa kamati wakaja na wazo la kibabe: taa za uwanjani, wati 400 kila moja, kumi kwa idadi. Zikapandishwa juu kabisa kwenye kenchi, futi 30 kutoka sakafuni.

Jumapili ya kwanza, aisee, kanisa liliwaka kama Uwanja wa Taifa siku ya Simba na Yanga. Watu wakapiga makofi. Mzee wa fedha akatembea kifua mbele wiki nzima.

Mambo yakaanza kuharibika taratibu. Kwanza joto: sisi wanakwaya tulikaa chini ya taa tatu, ubeti wa pili tu jasho linatiririka mpaka kwenye kola. Halafu taa zenyewe zilikuwa za ile aina ya zamani, umeme ukikatika sekunde moja hazirudi mpaka zipoe. Siku moja umeme ukakonyeza katikati ya Chakula cha Bwana, tukakaa gizani kama dakika kumi, mchungaji kashika kikombe, sisi tunaimba pambio moja mara saba.

Kisha zikaanza kufa. Moja, mbili, tano. Kila ikifa watu wanaangaliana: nani atapanda kule? Ngazi ya usharika ilikuwa ya futi 12. Kijana mmoja fundi, mwenye moyo wa kujitolea, akapandisha ngazi hiyo juu ya mabenchi mawili. Benchi likateleza. Alivunjika mguu, akakaa nyumbani miezi minne, na mkewe alikuwa mjamzito. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari ya kupanda. Kufika mwaka 2018 zilikuwa zinawaka taa tatu tu kati ya kumi.

Tukaongeza tyubu ukutani, za bei chee, zinazonguruma kama nyuki. Harusi ya kwanza chini ya tyubu hizo, picha zikatoka bi harusi ana rangi ya kijani kama embe bichi. Shela kijani, keki kijani, shemeji kijani. Mpaka leo albamu ile haionyeshwi wageni.

Bado tulicheka. Kilichonikata kicheko ni mama yangu.

Mama ana miaka 68 na hukaa benchi la tatu kushoto, tangu nikiwa mtoto. Niliona siku hizi hafungui kitabu cha nyimbo, nikadhani kazikariri zote. Jumapili moja tukafundishwa wimbo mpya. Kanisa zima linaimba, mama kimya, kitabu kimefungwa mapajani. Tulipotoka nikamuuliza, "Mama, mbona leo huimbi?"

Akasema, "Mwanangu, sioni. Nikifungua naona karatasi tu."

Msomaji, yule mama alishabadili miwani mara mbili akidhani macho yake ndiyo yenye kasoro. Nikampeleka kwa daktari wa macho, akatuambia jambo ambalo sikulijua: jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha ndani kama theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo pale ninapoona sawasawa mimi, mama yangu yuko kwenye magharibi. Miwani haisaidii kitu kama ukurasa wenyewe uko gizani.

Nikaona isiwe tabu. Nikajitosa kwenye kamati mpya ya taa, na kabla hatujachangisha hata senti nikafunga safari kwenda kuona waliotutangulia walifanyaje.

Nilianzia katikati ya jiji. Kama hujawahi kuingia makanisa mawili ya pale mbele ya bandari, ndugu yangu, unapoteza nauli ya daladala bure kwenda kwingine. Azania Front, la Kilutheri, lenye kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu na mnara wa kengele, na Mtakatifu Yosefu, la Kikatoliki, lenye mnara uliochongoka, yote yalijengwa enzi za Mjerumani, mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1902. Unatembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine huku unanusa bahari.

Nilikaa Mtakatifu Yosefu asubuhi ya siku ya kazi. Vile vioo vya rangi nyuma ya madhabahu vikishika mwanga, kelele za mjini zinakutoka kichwani zenyewe. Wajenzi wale hawakuwa na mita ya LUKU. Mwanga wao ulikuwa dirisha, na usiku mshumaa au taa ya mafuta. Nikajaribu kusoma kijitabu changu pale nilipokaa, nikagundua kitu: mwanga wa kukufanya unyamaze ni mmoja, na mwanga wa kusomea ni mwingine. Kanisa linahitaji yote miwili, na kosa letu lilikuwa kutaka taa moja ifanye kazi zote. Tena popote penye dirisha nyuma ya mhubiri, bila taa ya kumulika kutoka mbele, unaona kivuli kinachohubiri, uso huuoni.

Jumamosi iliyofuata nikapanda boti kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi. Nikapita vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo la Anglikana.

Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu. Wenyeji watakuonyesha na nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, inasemekana mafundi walizisimika hivyo wakati askofu kasafiri. Unaona? Hata enzi zile fundi ukimwacha peke yake mambo yalikuwa yale yale.

Kwanza nilishushwa kwenye vyumba vya chini ya jengo la jirani, ambamo watembezaji husema watumwa walifungiwa kabla ya mnada. Dari iko chini, unainama. Mwanga unaingia kwa vitundu vyembamba tu. Nilikaa mle dakika tano nikahisi kifua kinabana. Nilipotoka nikaingia kanisani, na mbele ya madhabahu nikaonyeshwa duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, mahali panapotajwa kuwa palisimama mti wa kufungia na kuchapa watumwa. Mwanga wa madirishani ulikuwa unafika mle ndani bila kelele, hauumizi jicho, unamwona kila aliyekaa.

Nikakaa nikamkumbuka mama. Nikajiambia, kumbe mwanga kanisani si pambo la kuwakoga usharika wa jirani. Ni kumhesabu kila mtu kuwa yumo.

Nje nikapiga soga na mzee mmoja muuza kahawa. Akanikumbusha jinsi mwaka 2008 Unguja ilivyokosa umeme karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 kwa kama miezi mitatu. "Basi bwana, wenye madirisha makubwa wakasali mchana," akasema. Hilo nalo nikaandika kwenye daftari: dirisha haliungui.

Niliporudi Dar nikaenda Kariakoo kununua bei, si taa. Kila duka wananiuliza nataka wati ngapi. Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza tofauti: "Dogo, mna ngazi ya futi ngapi?"

Nikamwambia 12.

"Basi taa yenu isizidi pale ngazi inapofika, au ishuke yenyewe kwa kamba. Kabla ya taa, tafuta ngazi. Taa usiyoifikia si yako, ni ya kenchi."

Pale pale nikampa kazi. Tulifunga taa 24 za LED, wati 40 kila moja, zinazoning'inia kwa kamba na kapi. Unazima umeme, unafungua kamba ukutani, taa inashuka hadi kifuani, unafuta vumbi na wadudu, unapandisha. Jumla yake ni wati 960 badala ya 4,000 za zamani. Kwa saa tano za Jumapili, taa za uwanjani zingekula yuniti 20, hizi hazifiki 5. Umeme ukikatika na kurudi, zinawaka papo hapo.

Tulichagua rangi ya uvuguvugu, kelvini 3,000, siyo ile nyeupe ya samawati kama ya chumba cha maiti. Ngozi zetu zinapendeza, na wadudu hawaifuati sana usiku. Saketi tukazigawa nne: mabenchi, kwaya, madhabahu, na mbili ndogo za kumulika uso wa mhubiri kutoka mbele pembeni. Ibada ya maombi ya watu 20 haina haja ya kuwasha kanisa zima. Kwa kuwa chumvi ya bahari inakula chuma hata huku kwetu, vishikizo vyote ni vya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Gharama tuliyobishania sana haikuwa taa. Ilikuwa taa sita za akiba na kibubu cha matengenezo. Mzee wa fedha alisema ni kuwakaribisha wachawi, unanunuaje akiba ya kitu kipya? Nikamwonyesha kijana yule fundi, ambaye mpaka leo anachechemea kidogo. Akasaini.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi vijana wawili wanashusha, wanafuta, wanaandika kwenye daftari. Siyo kwamba tumekuwa malaika. Mwezi uliopita walikwenda kwenye harusi, taa ya benchi la nne ikakaa wiki mbili imekufa. Aliyekuja kushtaki ni mama, kitabu mkononi, kidole kati ya kurasa.

"Leo nimeimba," akaniambia, "lakini mwenzangu wa nyuma hakuimba. Nendeni mkaitengeneze."

Haya msomaji, Jumapili hii ukifika kanisani kwenu hesabu taa zilizokufa. Halafu muulize mzee wa kanisa ngazi iko wapi. Akikuna kichwa, ujue kuna mama wa mtu pale anayeimba kwa kukisia.